Wanaotafsiri muvi: wasanii, au wanakula jasho la wenzao?

Mtoa mada, Kinondoni
Wadau, tujadili bila matusi. Kuna hoja imezagaa kwamba DJ anayetafsiri muvi, yaani anayeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya muvi ya lugha nyingine, asiitwe msanii: hana kamera wala waigizaji, ana maiki tu juu ya kazi ya mtu. Nakataa.

Wapiga picha nao waliwahi kuambiwa hivyohivyo. Mwaka 1884 kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kampuni ilichapa bila ruhusa picha ya mwandishi Oscar Wilde aliyoipiga Napoleon Sarony, ikajitetea kwamba kamera ni mashine tu, haitungi kitu. Sarony akashinda, maana yeye ndiye aliyempanga Wilde mkao, akachagua mavazi, mapazia na mwanga.

Japani nako, enzi za filamu bubu, kulikuwa na benshi, wasimuliaji waliokaa kando ya pazia la sinema. Wengine walivuta watu kuliko waigizaji wenyewe. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa benshi. Sasa kwa nini Lufufu wetu, mtafsiri muvi aliyevuma, tumwite mpiga kelele?

Juzi nilikuwa kibanda umiza, banda la kuonyeshea muvi mtaani, muvi ya Hong Kong. Jambazi anakula wali, kimya. DJ akadakia: "Mwoneni anavyobugia, na mwenye wali kamzika jana!" Kibanda kizima kikalipuka. Maneno hayo kwenye muvi hayamo. Nani kayatunga?

Mhariri wa filamu, Sinza
Benshi walisimulia filamu BUBU, tena waliajiriwa na majumba ya sinema. Usiruke hapo.

Nilihariri filamu fupi, wahusika wanaongea Kisukuma, tukaweka maandishi ya Kiswahili chini. Kuna sehemu mama na mwanawe wamekaa uani baada ya msiba. Karibu dakika nzima hakuna neno, kuna kuku tu na mtu anatwanga kwa jirani. Sauti ya kinu ilirekodiwa peke yake, tukahangaika nayo mpaka ikakaa. Nimeikuta mtaani imetafsiriwa. Pale pale uani DJ anapayuka: "Hapa mama anawaza urithi, jamani!" Urithi gani? Hakuna urithi kwenye hadithi yetu! Huyo katunga, sawa, ila katunga kwa kubomoa.

Mwenye kibanda, Mbagala
Nyie mna muda. Mteja wangu ametoka kubeba mizigo sokoni tangu alfajiri. Hayo maandishi ya chini yanakimbia, na kwenye muvi nyingi yako kwa Kiingereza. Nikiweka isiyotafsiriwa watu wanadai hela yao steringi hajarusha hata ngumi moja. Wazee wanasema zamani kwenye majumba ya sinema ya Empire na Avalon watu walijaa kuangalia muvi za Kihindi bila kujua Kihindi. Sawa, lakini zile zilikuwa na nyimbo.

Mwanasheria, Upanga
Mnachanganya mambo mawili. Kuwa msanii si kuwa na ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamwachia mwenye kazi uamuzi wa kuruhusu itafsiriwe au la. DJ anaweza kuwa fundi wa maneno kuliko wote Dar na bado akawa na kesi ya kujibu.

Mtoa mada, Kinondoni
Wakili, kwa sheria hapo sibishi. Ila kijana wa Kariakoo anayejaza muvi kwenye flashi ataanza vipi kumtafuta mwenye muvi Hong Kong? Ya Mhariri ndiyo haina utetezi: mwenye kazi yupo Sinza, simu inamfikia. Hata hivyo sikubali kwamba wizi unafuta usanii. Ule mzaha wa wali ni utunzi, na huo wa urithi ni utunzi mbovu. Wasanii wabovu wapo kila fani, Bongo muvi wamejaa tele.

Mwenye kibanda, Mbagala
Hiyo ya Kisukuma ninayo hapa, wamama wanaipenda. Mhariri, taja bei tuelewane. Ila DJ abaki.

Mhariri wa filamu, Sinza
Nitumie namba inbox. Abaki, lakini pale uani afunge mdomo.