Watu 120, milioni 5: ukumbi, parokia au uani kwa mama?

Bibiharusi_wa_Julai
Wana jamvi, salaam. Tunafunga ndoa Julai, Dar. Tuna milioni 5 tulizoweka wenyewe, na tumekubaliana na mwenzangu kwamba hatuchangishi mtu. Mama mkwe, Mchaga wa Marangu, tangu asikie hilo ananijibu "sawa" tu. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Nimezunguka wiki mbili, nimebaki na njia tatu:

Ukumbi wa Sinza: milioni 2.5, viti na mapambo ndani yake. Chakula lazima apike mtu wao, sahani moja shilingi 20,000. Pigeni hesabu wenyewe, inabaki laki moja ya gauni, pete, picha na kila kitu.

Ukumbi wa parokia: laki 5. Viti vipo, kuta tupu. Mpishi utafute, mapambo ujue mwenyewe. Pombe hapana, na saa 4 usiku geti linafungwa.

Uani kwa mama, Tabata: bure. Nakodi turubai, viti na vyombo.

Mapambo nitafanya na wadogo zangu kwa vyovyote vile. Aliyepitia aseme.

Mzee_wa_Kamati
Binti yangu, hiyo ya uani ndiyo bure yenye gharama kuliko zote. Nimekaa kamati kumi na kitu. Swali la kwanza: choo kwa mama kina matundu mangapi? Kama ni moja, watu 120 watakaa foleni mpaka keki ikatwe. Halafu jenereta, maji ya akiba, kibali cha serikali ya mtaa, vijana wa kulinda. Na hao 120 ni wa kwenye karatasi. Pilau ikianza kunukia watakuwa 200, na jirani aliyekuona ukikua huwezi kumwambia aonyeshe kadi.

Parokia.

Nimefanya_Mwenyewe
Naunga mkono parokia, ila nikuonye kuhusu mapambo. Mimi nilikuwa nafunga maua mpaka saa 8 usiku wa kuamkia harusi. Kila picha nina macho ya mtu aliyetoka zamu. Kazi zote za mkono zimalizike wiki moja kabla, na siku ya mwisho awepo mtu mmoja anayejua nini kinakaa wapi, asiwe wewe wala dada yako mkubwa.

Usihangaike kuvalisha viti, hakuna atakayekumbuka. Weka nguvu kwenye ukuta wa nyuma ya meza kuu, huo ndio unaoingia kwenye kila picha. Nenda Kariakoo ununue kitambaa jora zima, usinunue cha kukata mita mita.

Na keki. Jamani, keki. Ya ghorofa tatu, niliipakia kwenye bajaji ikiwa imeshapangwa. Tuta la kwanza ikakaa upande, la pili ikambusu dereva begani. Tuliigeuza, upande uliobonyea tukauelekeza ukutani, na mpiga picha tukamwomba asizunguke. Beba kila ghorofa kwenye boksi lake, zipangwe ukumbini.

Mpishi_Tandika
Nije kwenye chakula, kwa sababu hapo ndipo pesa yako ilipo. Mimi mchele kilo moja nahesabu watu sita hadi saba. Kwa 120 weka kilo 18 na kilo 2 za tahadhari. Nyama kilo 25, halafu kuku, kachumbari, ndizi, tikiti. Kwa bei za huku sokoni, na ujira wangu na wasaidizi wawili humo humo, haivuki laki 9. Huyo wa Sinza anakuchaji milioni 2 na laki 4.

Usikubali mtu akupikie kilo 20 kwenye sufuria moja. Utapata matabaka: juu mbichi, katikati pilau, chini ukoko. Sufuria mbili za kilo kumi kumi, maji yakikauka unapunguza moto chini, unapalia makaa juu ya mfuniko na unaacha kufunua funua.

Shangazi wakijitolea kupika, washukuru, lakini ujue shangazi akishika mwiko kanisani haendi. Wape kuchambua mchele na kumenya vitunguu saumu Ijumaa jioni, hapo ndipo na maneno yao yote yatakapoishia. Sahani za kukodi zihesabiwe mwenyewe akiwepo, kwenda na kurudi. Nimewahi kulipa sahani 14 ambazo sikuziona kwa macho.

Mtoto_wa_Mvita
Nyinyi wa Dar mwajitesa na usiku! Huku kwetu Mombasa nikahi yasomwa msikitini baada ya Alasiri, wanaume wala halwa na kahawa, kabla ya Magharibi kila mtu kwake. Karamu ya wanawake ni mambo mengine, hiyo sitaitaja hapa nisije nikapigwa. Kwa nini usile mchana tu?

Mzee_wa_Kamati
Mchana kwa Dar? Ukiandika saa 7, watakuja saa 10.

Nimefanya_Mwenyewe
@Mzee, wakitoka misani pamoja hawana pa kupotelea. Misa saa 4 asubuhi, ukumbi uko hapo hapo kwenye eneo la kanisa, wanatembea kwa miguu. Mchana taa za mapambo huhitaji. Na Julai masika yameshapita, hata watoto wanacheza nje.

Kijana_wa_Bomani
Njia ya nne hujaiandika. Notisi ya siku 21, mnafunga kwa mkuu wa wilaya, mnakula watu 15. Milioni 4 na nusu inabaki ya kiwanja.

Bibiharusi_wa_Julai
@Kijana, mwenzangu alilitaja hilo mara moja. Mama alilala kitandani siku mbili.

Tumeamua parokia, Jumamosi, misa saa 4, chakula saa 7. Laki 5 ukumbi, laki 9 chakula, soda kreti 10 za chupa 24, mbili kwa kila mgeni. Inabaki zaidi ya milioni 3, kwa mara ya kwanza nimelala vizuri. Dada Mpishi, nakuja inbox.

Kingine. Mama mkwe amepiga simu leo, mwenyewe. Anauliza ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa harusi za Kichaga, itakaa meza ipi. Nikamwambia, mama, kwenye bajeti yetu ndafu haimo. Akasema hajauliza kama imo, ameuliza itakaa wapi.

Mpishi_Tandika
Itakaa karibu na keki. Na wewe toa kilo 5 za nyama kwenye orodha yangu.