Tupeane uzoefu: Familia nzima kusafiri kwenda mahafali ya mdogo wenu, mlipangaje?

Binti wa Sengerema

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wetu wa mwisho anahitimu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), shahada ya ualimu, na kwenye ukoo wetu ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Mama amesema hapandi basi. Anataka twende gari moja, tuimbe njiani, tukifika tushuke pamoja. Mjomba ametoa Noah yake, mafuta tunachanga wenyewe. Tunavuka daraja la Kigongo–Busisi, Usagara, Shinyanga, Nzega, Igunga, tunapanda mlima Sekenke, Singida, Manyoni, halafu Dodoma. Daraja lilifunguliwa Juni 2025 na mama hajalivuka bado. Miaka yote amekuwa akipanga foleni ya kivuko na ndoo zake za dagaa, kwa hiyo hilo peke yake kwake ni sherehe.

Shida yetu ni viti. Noah ina viti vinane na kimoja ni cha dereva. Wanaotaka kwenda ni wengi: baba mkubwa, aliyeuza ng'ombe tulipokosa ada ya kidato cha tano, shangazi, mchungaji wetu, watoto wa kaka. Na yuko dada yetu mkubwa, aliyeishia darasa la saba. Mdogo wetu akiwa sekondari, dada alikuwa anauza vitumbua stendi. Mwaka wa kwanza chuoni, bumu (pesa za mkopo wa wanafunzi) lilipochelewa, hela ya kula ilitoka kwenye kibanda kile kile. Sasa anasema atabaki kuangalia nyumba na mbuzi, kwamba kule ni kwa wasomi, yeye ataenda kufanya nini. Wazee wamekubali haraka mno. Mimi jambo hili limenikaa kooni.

Mliowahi kusafiri hivi naombeni uzoefu wenu: viti mligawanaje, njiani ilikuwaje, na siku yenyewe pale chuoni mambo yanakwendaje? Msinifiche kitu.

Mwana wa Uyole

Hongereni sana dada. Sisi tulitoka Mbeya kwenda Dar, anahitimu mdogo wangu wa kiume. Tulikodi Hiace pamoja na dereva wake. Jambo la kwanza nitakalokushauri: msilazimishe kufika siku hiyo hiyo kama mna wazee. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilometa 800, baba ana kisukari na magoti yanamsumbua, tukaamua kulala Morogoro. Uamuzi huo ulituokoa. Mzee alishuka kunyoosha miguu kila alipotaka, akala kwa wakati, dawa akanywa kwa wakati.

Na njia yenyewe ilimfaa. Ilula aliomba tusimame, akashuka kwenye matenga ya nyanya na vitunguu, akauliza bei, akauliza mbegu, akauliza wanamwagiliaje, mpaka mama akamfuata. Kitonga tuliteremka nyuma ya lori la kwenda bandarini na dereva wetu hakujaribu kulipita hata mara moja mpaka tukafika chini. Mama alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, anaomba kwa Kinyakyusa. Tulipofika Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhini kama kilometa 50, tukakuta tembo wanavuka. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Picha ya tembo amewafundishia watoto wa watu ubaoni maisha yake yote ya kazi, na tembo mzima alikuwa hajawahi kumwona. Gari zima lilikaa kimya, yeye ndiye aliyekuwa anaongea peke yake, anatuhesabia: yule dume, yule mama, yule mtoto. Hapo hapo mwambie dereva wako kuhusu mwendo, kwa sababu hifadhini kuna vibao vya faini za kugonga wanyama, na nje ya hifadhi kuna tochi za trafiki za kupima mwendo kwenye vijiji vyote vikubwa.

Sasa sikiliza vizuri hili la siku yenyewe. Kadi za kuingia zilikuwa mbili, wakaingia baba na mama, sisi wengine tukakaa nje kwenye turubai lenye skrini. Mama alijiandaa kusikia jina la mwanawe likisomwa. Tangu nyumbani alikuwa ametuonya kwamba likitajwa tunyamaze wote, alisikie lote mpaka la babu. Ikafika zamu yao. Amidi, yaani mkuu wa kitivo, akawaita wahitimu wa shahada ile wasimame, wakasimama mamia, Mkuu wa Chuo akawatunuku kwa pamoja, wakakaa. Mama akaendelea kusubiri. Wakaitwa wengine, na wengine, yeye bado anasubiri. Alipotoka nje swali lake la kwanza lilikuwa, "Mbona mwanangu hawajamsoma?" Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, alidhani amefeli na sisi tumemficha.

Mdogo wangu akatoa kitabu cha mahafali, kile chenye orodha ya wahitimu wote. Wakakaa chini ya mti, akamtafutia ukurasa, akaweka kidole. Mama hasomi vizuri bila miwani, akasema, "Nisomee wewe mwenyewe, kwa sauti." Akasoma majina yake yote matatu. Hapo ndipo mama alipopiga vigelegele, na wageni wa familia nyingine wakamjibu.

Kwa hiyo mweleze mama yako mapema utaratibu ulivyo, na hakikisha mdogo wako anapata kile kitabu.

Kuhusu dada yako, apande. Mchungaji anaweza kuwaombea safari hapo hapo nyumbani alfajiri mkiondoka. Watoto wa kaka mahafali yao yako mbele.

Mama Kelvin, Dodoma

Karibuni Dodoma. Mdogo wako athibitishe ndaki yake (kitengo cha chuo anachosomea) inatunukiwa siku gani, maana kuna familia nimewahi kuziona zimefika siku ya wengine. Pale Chimwaga, kwenye ukumbi wa mahafali wa UDOM, jua ni kali na kivuli hakitoshi watu, wazee wawe na miavuli na maji ya kutosha. Joho ni la kurudisha, kwa hiyo picha zenu zote pigeni siku hiyo hiyo. Na wapiga picha pale ni wengi, patana bei kabla hajabonyeza.

Msanii wa Shinyalu

Hamjambo kutoka Kakamega. Hilo neno la Mama Kelvin kuhusu joho limenigusa, wacha niwaeleze kwa nini.

Dada yetu alifuzu katika chuo kimoja Nairobi. Karo yake ililipwa na kaka yetu mkubwa, fundi wa mawe, mtu wa mjengo. Alikuwa anafanya kazi Kisumu, jioni ya kulipwa anatuma pesa kwa simu, na kinachobaki ndicho anachokula. Dada alipomaliza tukakodi matatu ya viti 14, tukaandaa kuku na chapati kwenye sufuria kubwa, na ngoma za isukuti tukafunga juu ya keria. Tulitoka jioni, tukapita Kisumu, Kericho, Salgaa, Nakuru. Kina mama hawakulala. Waliimba nyimbo za harusi, kwa sababu kwetu mtoto akifuzu ni kama arusi. Alfajiri tukaingia Nairobi na msongamano wa magari ukatupokea. Watu wa matatu za kando wakawa wanafungua madirisha kutupongeza.

Langoni kaka ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Alipiga mpaka jasho likalowesha shati, familia nyingine zikatuzunguka kucheza. Kisha ukaja wakati wa kuingia ndani, na gari limeegeshwa uwanjani likiwa na chakula, mizigo na ngoma za wenyewe tulizoazima. Dereva alikuwa ameendesha usiku kucha, akaenda kulala kwa jamaa yake. Kaka akasema, "Nyinyi ingieni, mimi nitakaa na gari." Hakuna aliyembishia. Wazee waliona ni sawa, kijana amejitolea.

Tulitoka huko saa tisa. Dada alitoka na shada la maua ya karatasi shingoni, tukala, tukafurahi, na kwa sababu usiku ulikuwa unakuja na njia ni ndefu, tukaharakisha kurudi. Gauni, yaani lile joho, likarudishwa chuoni.

Picha iliyowekwa ukutani kwa mama ni ile kubwa iliyopigwa ndani. Tumo sote, shangazi, binamu, hata jirani. Kaka hayumo. Dada alipoingia sebuleni akaiona imewekwa kwenye fremu, aliitoa msumarini akaigeuza iangalie ukuta. Mama akauliza kuna nini. Akasema, "Aliyenisomesha yuko wapi hapa?" Na hakukuwa na la kufanya, gauni halipo tena. Kaka mwenyewe husema hana neno, lakini wageni wakianza kuitazama ile picha yeye hutoka nje.

Kwa hivyo dada wa Sengerema, mambo ni mawili. Mtafutieni mlinzi wa gari kabla ya kuondoka nyumbani, mkamlipe, awe mtu asiye wa familia. Na dada yako wa vitumbua asiwe tu ndani ya gari, awe ndani ya picha ya kwanza kabisa. Kadi zikiwa mbili, kaeni kikao sasa, msingoje kuamua langoni. Langoni mwenye sauti ndogo ndiye hubaki.

Kaka wa Nzega

Naongeza la njia, mimi napita huko kila mara. Ondokeni Sengerema usiku wa kuamkia, saa tisa au saa kumi, Sekenke mpande mchana kweupe. Ule mlima una kona na malori mazito. Singida pumzikeni, kuku wa kienyeji wapo na mafuta ya alizeti yanauzwa barabarani, ila ya alizeti nunueni mkirudi. Kagua matairi na tairi la akiba mapema. Na viti vinane ni watu wanane, watoto wasipakatwe.

Mpemba wa Wete

Assalaam aleykum. Mimi nilimpeleka bibi yetu Morogoro, ndugu yangu anamaliza SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Bibi alikuwa hajapata kutoka Pemba. Tukapanda meli mpaka Unguja, tukalala, asubuhi boti mpaka Dar. Tulimfungia tangawizi na ndimu za kunusa, na mkate wa kumimina, maana hali chakula cha mtu asiyemjua. Bahari ilikuwa shwari, alhamdulillah. Dar tukachukua treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya. Daraja la kawaida Dar mpaka Morogoro tulilipa shilingi 13,000 kila mmoja na hatukukaa njiani hata saa mbili. Bibi akawa anauliza, "Mbona haitikisiki? Tushaondoka kweli?" Alifika mzima, hana maumivu, akasimama kwa miguu yake mpaka mwisho, akawa anatazama milima ya Uluguru na kusema Mungu fundi.

Nataka kusema nini. Kwa mtu mzima sana, gari la familia si lazima liwe ndiyo heshima. Lakini nyie upande wa Mwanza treni hiyo bado, basi fanyeni hivi: wenye nguvu wapande basi, mabasi yanatembea usiku tena tangu 2023, wakutane nanyi Dodoma asubuhi. Noah waachieni wazee na dada. Hivyo hamna anayekosa.

Na hilo la dada kusema kule ni kwa wasomi, msilipite. Mkae naye, mumuulize kwa upole kinachomzuia. Mara nyingi mtu husema nitaangalia nyumba na ndani ana jambo jingine. Kiti chake kishalipiwa siku nyingi kwa vile vitumbua.

Binti wa Sengerema

Asanteni sana, nimewasomea mama ujumbe wenu wote kwa sauti. Ile habari ya picha iliyogeuzwa ukutani alinitaka niisome mara ya pili, kisha akaomba simu, akampigia dada mwenyewe.

Mpemba umesema kweli. Dada alikuwa na jambo jingine: hana nguo anayoona inafaa kusimama na wahitimu. Hakutaka kumwambia mtu kwa sababu angeonekana anaomba. Mama ametoa kitenge chake kipya, jozi ambayo hajaikata, fundi amekwisha mpima. Mbuzi wataangaliwa na jirani, naye tunamlipa.

Wamekubaliana hivi: mbele baba mkubwa na mjomba anayeendesha, katikati mama, dada na shangazi, nyuma mimi na kaka na mtoto mmoja. Vijana wawili wanapanda basi la usiku kutoka Mwanza, na mmoja wao ndiye atakayekaa na gari wakati wa sherehe, kisha wanapokezana ili kila mtu aingie kwenye picha. Mchungaji amefurahi kuja kutuombea alfajiri. Watoto wengine wamelia.

Kadi ndizo bado hazijatulia. Mdogo wetu anataka aingie mama na dada. Baba mkubwa hajasema hapana, ila amenyamaza, na ng'ombe yule alimuuza kweli. Kama kuna aliyewahi kupata kadi ya tatu kwa njia halali aseme tunaiombea wapi. Na Mama Kelvin, naomba unielekeze lojing'i safi ya bei ya kawaida upande wa Ng'ong'ona au karibu na hapo, vyumba vitatu, chini kama inawezekana, baba mkubwa hapandi ngazi. Nataka nilipie wiki hii kabla havijajaa.