Mnaosifia programu za kuediti picha, hivi mnafanyia kazi au huwa mnazifungua tu?

Wakuu leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilihama programu ya kuediti niliyoizoea miaka na miaka, nilichoka kulipia kila mwezi kama kodi ya nyumba, ukikwama mwezi mmoja tu kazi zako mwenyewe zimekaa kwenye kompyuta unaziangalia na huwezi kuzigusa. Nikasoma rivyu, nikaangalia video mpaka macho yakauma, wote wimbo mmoja, eti kuna programu unalipia mara moja unamaliza na "inatosha kabisa kwa kazi za kiprofeshono". Jina silitaji, maana wapenzi wake watakuja kunishambulia mimi waache hoja. Nikalipia.

Kazi ya kwanza bango la mteja. Faili la zamani la PSD, yaani la Photoshop, leya (tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine) kama arobaini nimezipanga kwenye makundi yake, rangi zote nimerekebisha kwa leya za juu ili siku nikitaka kurudi nyuma nirudi. Rivyu zilisema inafungua PSD na kweli ikafungua, kwa macho bango lilikuwa lilelile, nikafurahi kama mjinga. Mteja akaniambia kuna herufi moja imerukwa kwenye jina, niwekee tu. Nabofya jina, haliandikiki. Nabofya tena. Kumbe maandishi yote yamegeuzwa picha! Zile leya za marekebisho nazo zimeganda humohumo, kivuli cha herufi kimegandana na herufi, yaani nimekabidhiwa karatasi moja iliyobandikwa gundi. Herufi MOJA wakuu. Nilianza saa tatu usiku kutafuta fonti, kulinganisha ukubwa, kufuta jina la zamani na kupaka upya rangi ya nyuma yake, namaliza saa nane na bado ukikaza macho unaona kiraka.

Sasa nyie watu wa rivyu, kufungua faili na kulielewa faili ni kitu kimoja? PSD ni ya Photoshop, hao wengine wote wanaifuata kwa nyuma, kila mmoja anaelewa anapoelewa. Mngejaribu kubadilisha neno moja tu mngeona.

Haijaisha. Fundi wa kuchapa anataka CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapia. Menyu ya programu neno CMYK lipo kabisa, ila ni la kugeuzia faili mwishoni wakati wa kutoa, huku kwenye kazi unaendelea na RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, na hakuna sehemu ya kuonyesha kwenye skrini wino utatokaje. Skrini ni mwanga, karatasi ni wino, na ile bluu kali ya kwenye skrini wino hauifikii. Bango likatoka na zambarau iliyopauka. Mteja ananitazama, mimi natazama bango, fundi anatazama pembeni.

Halafu kuna anga. Picha ya jioni, rangi inashuka taratibu kutoka chungwa kwenda bluu, nikavuta vivuli kidogo tu anga ikaanza kutoka mistari mistari kama ngazi. Nachimba kwenye mipangilio nakuta programu imeshusha picha kwenda biti 8 bila hata kuniuliza. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi, wakati faili la RAW (picha ghafi kutoka kwenye kamera) la biti 14 linakuja na ngazi 16,384. Umezitupa zote halafu unategemea anga iwe laini? Kwenye video zote nilizoangalia hakuna hata mmoja aliyesema habari ya biti, dakika kumi nzima wanabofya kitufe cha kuondoa bekigraundi kwa mtu mwenye nywele zilizolala aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Mpe kichwa chenye nywele za kipilipili zilizotimka uone kinavyokula kingo zote, mtu anabaki kama amevaa kofia ya plastiki.

Na watu wa GIMP najua mko njiani mnakuja. GIMP naiheshimu, ni ya bure tangu miaka ya 90, na toleo la 3.0 la 2025 limeleta filta unazoweza kuzirudia baadaye bila kuiharibu picha. Krita nayo CMYK inaifanyia kazi kabisa ila imejengwa kwa wachoraji zaidi. Lakini mkuu ukiniambia "tumia hii" kabla hujaniuliza nafanya kazi gani, wewe na wale wa video ni baba mmoja mama mmoja.

Kosa langu nalikubali, siku za majaribio nilizichezea kwa selfi na picha za paka. Ningeweka faili moja tu la kazi, lile zito lenye leya na maandishi, nikarekebisha, nikasevu, nikafunga, nikafungua tena, ningejua ndani ya nusu saa.

Nimeomba hela yangu irudi, nikajibiwa na roboti kwamba muda umepita kwa siku mbili.

Kwa hiyo anayejua programu ya kulipia mara moja ambayo maandishi ya PSD yanabaki maandishi aitaje hapa, na aseme alijaribu na faili gani. Wale wa "inatosha kabisa" piteni kimya kimya.