Naomba ushauri: gari la rimoti la kupanda mawe kwa mtoto wa miaka 6

Assalaam aleikum ndugu wanachama. Nataka kumnunulia mwanangu gari la rimoti la kupanda mawe, lile la mwendo wa polepole linalovuta kwa magurudumu yote manne. La kwanza, la bei nafuu, tulilichezesha ufukweni Nyali, Mombasa, kwenye miamba maji yakiwa yamekupwa. Nililisuuza kwa maji ya bomba na kulianika, lakini lilipogoma nikalifungua, nikakuta beringi zimeota kutu na meno ya giya za plastiki yamelika. Mtoto bado analala nalo kitandani, nami naumia. Sasa nasita baina ya Axial SCX24 la kipimo cha 1/24 (yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi) na Traxxas TRX-4M la 1/18. Je, lipi litahimili zaidi mikono ya mtoto? Na mnazikinga vipi beringi dhidi ya chumvi?