Mrejesho: Lile gari la Kiitaliano lenye taa zilizofunikwa nusu

Ndugu zangu, nashukuru kwa majibu. Niliuliza kuhusu gari dogo la milango miwili, la rangi ya chungwa, nililoliona zamani katika jarida, ambalo kumbukumbu yangu ilibakiza vifuniko vilivyolala juu ya taa za mbele kama kope za msinziaji, pamoja na safu ya matundu nyuma ya mlango. Ni Alfa Romeo Montreal.

Waliopendekeza Lamborghini Miura walikuwa na hoja, kwa kuwa magari yote mawili yalichorwa na Marcello Gandini akiwa Bertone, kampuni ya Kiitaliano ya usanifu wa magari. Lakini injini ya Miura hukaa nyuma ya viti, ilhali picha niliyoikumbuka ilionyesha boneti wazi na injini mbele. Montreal ina V8 (injini ya silinda nane) ya lita 2.6, iliyotokana na ile ya magari ya mashindano ya Alfa Romeo, Tipo 33. Lilianza kama gari la maonyesho katika Expo 67, maonyesho ya dunia ya mwaka 1967 mjini Montreal, Kanada, likauzwa kuanzia 1970 hadi 1977. Vifuniko hujiondoa taa zinapowashwa. Tundu la kwenye boneti, kwa mshangao wangu, limezibwa: ni pambo tu.