Poland ya kikomunisti: nani alitia sahihi hela za filamu zilizoisema serikali?

Binti_Skrini

Shikamoo kwa wakubwa, na wengine habari zenu.

Jana usiku nimemaliza kutazama *Człowiek z marmuru* (Mtu wa Marumaru) ya mwongozaji wa Poland Andrzej Wajda, ya 1977. Kwa ambao hawajaiona: binti mmoja mwanafunzi wa filamu anamtafuta fundi mwashi ambaye miaka ya hamsini serikali ilimpamba kuwa shujaa wa kazi, kisha ikamfuta kama hakuwahi kuzaliwa. Sanamu yake ya marumaru imetupwa stoo, ndani ya jumba la makumbusho.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kamera ilikuwa ya serikali. Maabara ya serikali. Majumba ya sinema ya serikali. Mtayarishaji binafsi hakuwepo. Sasa nani alikubali hela zitoke kwa filamu kama hii? Hawakusoma muswada? Naandika insha juu ya jambo hili, ila hata bila insha ningeuliza.

Kijana_wa_Nyuma

Dada, jibu ni fupi: waliachia filamu mbili tatu ili dunia ione kuna uhuru. Zilizobaki propaganda tupu. Mwenye hela ndiye mwenye kauli.

Mita300

Marahaba, binti. Nilisoma upigaji picha Łódź, shule ya filamu ya Mtaa wa Targowa, kuanzia 1979, kwa hiyo sehemu ya haya niliyaona na sehemu niliyasikia pale kwenye ngazi za shule, ambako wanafunzi tulikuwa tukikaa na kubishana hadi tunafukuzwa.

Ndugu Kijana_wa_Nyuma, ulichosema kinafaa kwa kipindi kimoja. Novemba 1945 serikali ilitoa amri iliyoanzisha Film Polski, shirika moja lililomiliki kila kitu tangu studio hadi tiketi. Mkuu wake alikuwa Aleksander Ford, aliyerudi na kikosi cha filamu cha jeshi. Warsaw ilikuwa kifusi, ndiyo maana sinema ikahamia Łódź. Novemba 1949 wasanii wakaitwa kwenye mkutano mji wa Wisła, wakaambiwa kuanzia sasa ni uhalisia wa kijamaa, yaani sanaa ya kusifu ujamaa, basi. Filamu za miaka hiyo nilitazama nyingi shuleni. Mwashi anatabasamu, matofali yanapanda, muziki unapanda.

Wajda alitoka humo humo. Alianza kama msaidizi wa Ford. Binti, rudi utazame ile filamu ya zamani ya bandia iliyomo ndani ya filamu yake, ile ya kumsifu mwashi. Soma majina yanayopita mwanzoni. Msaidizi wa mwongozaji ameandikwa Andrzej Wajda. Alijiweka mwenyewe kwenye orodha ya walioshiriki. Mimi niliposhtuka na hilo nilikuwa nimeshaitazama mara tatu.

Sasa swali lako. Stalin alikufa 1953, na 1955 Poland ikaanzisha vitu vilivyoitwa *zespoły*, yaani vikundi vya filamu. Hela ziliendelea kuwa za serikali, lakini katikati ya wizara na msanii akawekwa mtu: mwongozaji mwenye jina, anayeheshimiwa na wenzake. Kadr ilikuwa ya Jerzy Kawalerowicz. X ilikuwa ya Wajda, tangu 1972. Muswada wako hukuupeleka wizarani mwenyewe. Uliupeleka kwa mkuu wa kikundi na mshauri wake wa miswada, wanakukosoa kweli kweli, kisha wao ndio wanakwenda kuupigania. Ikiharibika, lawama ni yao. Serikali nayo ilivivuruga vikundi hivyo kila ilipoogopa. 1968 ilivivunja na kuvipanga upya.

Kwa hiyo "mwenye hela" hakuwa mtu mmoja, ndugu yangu. Alikuwa mlolongo wa watu, na kila mmoja alikuwa na woga wake na dhamiri yake. Muswada wa filamu hii, wa Aleksander Ścibor-Rylski, ulikaa zaidi ya miaka kumi ukikataliwa. Aliyekubali mwishoni alikuwa Józef Tejchma, waziri wa utamaduni. Muswada aliusoma, akaelewa, akaruhusu.

Filamu ikishakamilika kulikuwa na *kolaudacja*. Hili ndilo neno la kulijua ukitaka kuelewa sinema ya Poland. Ni onyesho la ndani: naibu waziri anayesimamia sinema, watu wa chama, waongozaji wengine, waandishi. Taa zikiwaka, mjadala unaanza, na kuna mtu anaandika kila neno. Humo mwenzako anaweza kukuokoa kwa kusema "kisanaa hii ni kazi kubwa", na anaweza kukumaliza kwa sauti ya upole. Ukitoka hapo unapewa orodha ya vya kukata. Waongozaji wengi walikuwa wakitia kwa makusudi kipande kimoja cha kuudhi sana, ili mkasi uende pale na mengine yapone.

*Człowiek z marmuru* ilikatwa mwisho wake. Mwashi alikuwa amekufa Gdynia, Desemba 1970, askari walipowapiga risasi wafanyakazi wa pwani. Hilo halikuruhusiwa kutamkwa. Kwenye filamu uliyoiona mtoto wake anasema tu kwamba baba hayupo tena duniani. Kisha zikatolewa kopi chache, watu wakapanga foleni. Kwenye tamasha la Gdańsk mwaka ule filamu haikupewa tuzo rasmi, basi waandishi wa habari wakamkabidhi Wajda tuzo yao nje, kwenye ngazi: tofali lililofungwa utepe.

Kijana_wa_Nyuma

Nimekuelewa, mzee wangu, na samahani kwa haraka yangu. Naomba kuuliza: kama hawakuhitaji kutafuta faida, walipata vifaa tele?

Mita300

Hapana, hata kidogo. Jina langu humu limetoka hapo. Mita 300 za filamu ya milimita 35 ni dakika kama kumi na moja, na sisi wanafunzi tulizihesabu kama mtu anavyohesabu maji jangwani. Filamu ya Kodak ilitaka fedha za kigeni, na złoty, hela za Poland, hazikununua kitu nje. Iliyopatikana kwa wepesi ilikuwa ORWO ya Ujerumani Mashariki, na rangi zake zilitusumbua. Kwa hiyo ulirudia mazoezi mara ishirini na kamera imezimwa, kisha ukapiga mara moja, mara mbili ukibahatika. Utulivu ule wa waigizaji wa Poland mbele ya kamera una mkono wa umaskini huo ndani yake. Mimi mpaka leo siwezi kubonyeza kamera kabla sijajua mtu ataishia wapi.

Potsdam_Kwa_Treni

Naongeza kidogo upande wa pili wa mpaka. Ujerumani Mashariki walikuwa na DEFA, iliyoanzishwa Mei 1946 kwa leseni ya Wasovieti, studio zake Babelsberg. Nao walikuwa na vikundi vya kisanaa, lakini havikuwa na ngao kama ya Poland. Desemba 1965 kamati kuu ya chama ilikaa kikao chake cha kumi na moja, na karibu filamu zote za mwaka ule zikafungiwa. *Spur der Steine* ya Frank Beyer, nayo ya wajenzi, ilionyeshwa siku chache tu 1966 kisha ikaondolewa. Watu waliiona tena Ukuta wa Berlin ulipokwisha anguka.

Binti_Skrini

Nawashukuru sana. Mzee Mita300, swali la mwisho: kuna iliyofungiwa kabisa Poland, na wewe ukaiona?

Mita300

Ziko nyingi. Wapolandi waliziita *półkownicy*, kutokana na neno lao la rafu ya kuwekea vitu, maana zilibaki huko, na linasikika karibu sawa na neno lao la "makanali".

Niliyoiona ni *Przesłuchanie* (Mahojiano) ya Ryszard Bugajski, kazi ya kikundi X. Mwimbaji mmoja anakamatwa enzi za Stalin na hajui kosa lake. Waliipiga mbio mbio 1981, wakati wa Solidarność, chama huru cha wafanyakazi, kana kwamba walijua mlango utafungwa. Desemba 13 sheria ya kijeshi ikatangazwa. Nakumbuka asubuhi ile simu zote zilikuwa zimekufa. Ziliporudi baadaye, sauti iliyorekodiwa ilikuambia kwanza kwamba mazungumzo yanasikilizwa, ndipo unamsikia rafiki yako.

Kolaudacja ya filamu ile ilifanyika 1982 na ilikuwa kama kesi. Yaliyosemwa mle yalivuja na kuchapishwa kwa siri, tukayasoma kwenye karatasi zilizofifia, zikipita mkono kwa mkono. Mwaka uliofuata kikundi X kikavunjwa.

Filamu yenyewe niliiona kwenye fleti ya watu, kaseti ya video iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala. Tulikuwa kama kumi na wawili, wengine sakafuni, pazia limeshushwa. Picha ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nyuso zilipotea, na mimi niliyefundishwa kupenda mwanga sikuona mwanga wowote wa kupenda. Nilibaki nasikiliza sauti ya Krystyna Janda. Yeye ndiye yule binti mwenye kamera kwenye filamu yako. Ilipokwisha tuliondoka wawili wawili, tukiachiana dakika kadhaa, wa mwisho akabaki kuosha vikombe.

Wananchi waliiona sinemani Desemba 1989. Mwaka uliofuata Janda akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes.

Na yule mwashi, binti, usiishie 1977. Tafuta *Człowiek z żelaza* (Mtu wa Chuma), ya Wajda pia, ya 1981. Baada ya mgomo wa wafanyakazi wa Gdańsk wa 1980, kwa miezi michache, iliwezekana. Humo kifo chake kinatajwa waziwazi, mwaka na mahali.