Ampu ya besi yenye tyubu, inafaa huku kwetu au ni maneno tu?

besi_mbale
Habari zenu wakubwa. Mimi napiga besi hapa Mbale, Jumapili kanisani na Jumamosi na bendi yetu ya harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho wa wachumba), na mwaka huu nimeapa lazima ninunue ampu yangu maana nimechoka kuchomeka kwenye miksa ya watu halafu jamaa wa mitambo ananipunguza mpaka mwenyewe sijisikii. Na nyie mnajua huku kwetu, mwaka wa imbalu, ile tohara ya Wagisu, ngoma ya kadodi ikipita karibu na mahali mnapopiga, kama besi yako haina kifua unabaki unachezesha vidole tu kama mtu anayemkuna mbwa.

Sasa niko njia panda. Kuna jamaa Jinja anauza Hartke HA3500, ya zamani, hedi peke yake (ile mashine ya kukuza sauti) bila boksi la spika, anataka milioni moja na laki sita. Halafu kuna duka Kampala lina kihedi kipya cha transista tupu, wati 500, kidogo hivi unakitia kwenye begi la shule, bei imepita hapo kidogo. Yule wa Jinja anasema ya kwake ina tyubu ndani na tyubu ndio sauti ya ukweli, hicho kingine eti ni redio. Nilipoenda kuiona nikamulika kwa tochi ya simu kwenye matundu, sikuona chochote kinachowaka kama zile taa za redio ya babu. Ananidanganya? Hiyo tyubu inafanya nini hasa, na ikifa nitaitoa wapi? Boksi langu ni la spika mbili za inchi 10, nyuma imeandikwa omu 8 (ule ukinzani wa umeme). Msinicheke.

kapere_wa_busia
Kama haiwaki basi imelala, nunua na blanketi 😂😂

fundi_tororo
Mdogo wangu, hajakudanganya ila hajakumalizia. Hiyo hedi ina tyubu moja, 12AX7, haizidi kidole gumba, na imewekwa kwenye priampu tu, pale mwanzo ambapo sauti ya gitaa inapokelewa ikiwa bado changa. Msuli wa kusukuma spika ni transista. Na 12AX7 hata ikiwa nzima inatoa kamwanga kadogo ka rangi ya chungwa ndani kabisa ya kioo, ukimulika na tochi ndio kabisa huoni. Heri hivyo kuliko zile nyingine nimewahi kufungua nikakuta wameweka kataa ka rangi nyuma ya tyubu ili dukani ionekane inawaka moto.

Inafanya nini: ndani kuna kiwaya kinachopashwa moto, umeme unaruka kutoka pale kwenda kwenye bati la pembeni, na katikati kuna kichujio ndicho gitaa lako linakitikisa. Ukiipa gaini ndogo, yaani ukiikuza sauti kidogo pale mwanzo, inakuza tu. Ukiizidishia, badala ya kukata kichwa cha wimbi pap kama transista inavyofanya, yenyewe inakivingirisha pole pole, na hapo zinazaliwa sauti nyingine juu ya ile noti. Hizo ndizo watu wanaita joto. Na si urembo, sikiliza: kamba yako ya E ukiipiga wazi inatetemeka mara 41 kwa sekunde. Boksi la inchi 10 mbili hiyo 41 linaitoa kwa shida sana, unachosikia wewe zaidi ni 82 na 123 zilizo juu yake na sikio linajazia yenyewe kule chini. Tyubu inaziongeza hizo za juu, kwa hiyo hata kwenye spika ndogo mtu wa mwisho kule kwenye hema anaijua noti uliyopiga. Bila hizo anasikia tu kitu kinanguruma kama lori linapita.

Kwenye uso wa HA3500 kuna vifundo viwili, kimoja cha tyubu kimoja cha transista, unachanganya unavyotaka kama chai na maziwa. Hilo peke yake mimi napenda, maana ukitaka sauti kavu unafunga tyubu umemaliza.

Lakini kabla ya hayo yote geuza hedi usome nyuma. VOLTI! Kwetu ni 240, mizunguko 50. Ikiwa imeandikwa 120 jua ilitoka Marekani na itataka transfoma ya kushusha, tena nene. Mimi mwenyewe mwaka fulani niliamini maneno ya muuzaji nikachomeka bila kusoma, haikumaliza hata kuhesabu tatu, moshi, harufu ya samaki aliyeungua, na watoto wanapiga makofi wakidhani ni shoo.

mobali_ya_basse
Ndugu zangu, mimi Mkongomani, nimepiga besi Kampala hapa tangu niko kijana, mnisamehe Kiswahili changu. Kwa sebene, ile sehemu ya kuchezea kwenye nyimbo zetu za Kongo, tyubu si lazima! Besi ya sebene inataka kuruka, noti inagonga inatoka, inagonga inatoka, mkono wa kulia unazima kamba. Ukiweka joto mingi inageuka uji, mpiga dramu anakutafuta hakuoni. Mimi natumia transista miaka yote na hakuna mtu amewahi kunikimbia.

Wewe tazama boksi kwanza. Hiyo hedi kwa omu 4 inatoa wati 350, lakini kwa hilo boksi lako moja la omu 8 inashuka karibu 240. Tafuta boksi la pili la omu 8, ukiyaunga pamoja yanakuwa 4, hapo ndio utasikia mnyama. La tatu usithubutu, itashuka chini ya 3 na ampu itazima au itaungua. Watu wanapigania tyubu na boksi limeoza.

Na mgongo je? Kile kidogo cha wati 500 unapanda nacho boda umekiweka mapajani. Hii nyingine utamlipa boda kama abiria wa pili.

fundi_tororo
@mobali hapo kwa boksi nakuunga mkono mia kwa mia. Ila usimtishe na uzito, HA3500 ni mtoto. Ampeg SVT ya 1969, ile ya tyubu mpaka kwenye nguvu, wati 300, hedi peke yake ina kilo karibu 38. Hiyo ndiyo ya kukimbia, na ile ukiiwasha bila spika unaua transfoma yake ya kutokea. Hii ya tyubu kwenye priampu pekee haina hayo mashaka.

Na kuhusu tyubu ikifa: ya priampu inakaa miaka, si kama za nguvu. Kubadilisha ni kuchomoa na kuchomeka, hakuna kurekebisha chochote, ila zima, chomoa waya ukutani, ngoja kwanza, mle ndani mna umeme unaobaki. Ukienda kuulizia, sema 12AX7 au ECC83, ni kitu kimoja, Wazungu wa huku wanaita hivi wa kule hivi. Ni hiyo hiyo iliyojaa kwenye ampu za gitaa la solo. Hapa usipopata, mtu wa basi la Nairobi anakuletea kutoka Luthuli, ule mtaa wa vifaa vya umeme, inaingia kwenye soksi. Nunua mbili.

Siku ya kujaribu fanya hivi: transista funga, tyubu fungua gaini mpaka juu, usipige kitu, halafu gonga juu ya bati la hedi kwa kifundo cha kidole. Ikilia tiiing kama kengele kwenye spika, tyubu imechoka. Si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kushusha bei.

besi_mbale
Wakuu nimerudi. Nilienda Jinja Jumatano na gitaa langu na boksi juu ya taksi, konda akanilipisha siti. Nyuma imeandikwa 230, sawa. Nikafanya ya kugonga, ikalia TIIING, yule jamaa mwenyewe akashtuka akauliza ni simu ya nani, nikamwambia bosi hiyo ndiyo ile tyubu yako ya ukweli. Tukavutana kama saa nzima, mkewe akaleta chai, nikatoka nayo kwa milioni moja na laki tatu na nusu. Tyubu mpya mbili nimeagiza.

Jumamosi tumepiga kwanjula, jenereta, kwa hiyo nilikopa stabilaiza ya kanisa maana ile jenereta taa zilikuwa zinapumua. Nimeweka tyubu nusu transista kidogo chini ya nusu, na zile slaidi za ikwalaiza za pale katikati nikazivuta chini kidogo. @mobali ulisema kweli, kwenye sebene nilifunga tyubu karibu yote na ikakaa vizuri. Lakini kwenye zile za pole pole za wazee, banange, nilipoirudisha, mpiga kinanda aligeuka akaniangalia. Miaka minne tunapiga pamoja hajawahi kunigeukia.

Sasa boksi la pili. Seremala wa hapa anasema ana chipubodi nzuri ya bei poa, nimwambie aendelee?

mobali_ya_basse
HAPANA. Plaiwudi milimita 18, gundi na skrubu, chipubodi ikinyeshewa mara moja inavimba kama mandazi. Na usikate tundu la spika kabla spika haijafika mkononi.

kapere_wa_busia
na blanketi usisahau